Huduma ya Nta ya Gari Mjini Kisumu: Bei, Ubora na Muda Inaodumu Juani

Kituo cha kuoshea magari nilichokichagua kwa kazi hii kiko kando ya barabara ya Kakamega, mbele kidogo ya Kondele, na sifa yake ya kwanza ni kwamba kina paa la mabati. Jambo hilo laweza kuonekana dogo kwa mtu anayeosha gari tu, lakini kwa anayelipia nta ni sharti, kwa sababu nta inayopakwa kwenye bati lenye moto hukauka kabla haijatandazwa, huganda kwa mabaka, na fundi hulazimika kuisugua kwa nguvu ambayo rangi haiihitaji. Vituo vingi vya mji huu hufanya kazi hiyo juani, tena saa saba mchana. Hapa walinisubirisha kwanza hadi boneti ipoe, na nilipowauliza sababu, msimamizi alinijibu kwa upole, “Mwalimu, bati likiwa moto utakuwa umetupa pesa.”

Bei yao kwa gari la familia ni shilingi 2,500, ikijumuisha kuosha, kusafisha rangi kwa udongo maalumu, na kupaka nta ya karnauba kwa mkono. Gari langu ni Toyota Fielder ya buluu iliyokoza, ambayo kama magari mengi ya barabara zetu ilitumika Japani kabla ya kuletwa Mombasa, na kwa kuwa sheria inaruhusu magari yaliyotumika yasiyozidi miaka minane, rangi yake ilifika nchini ikiwa tayari imezeeka kiasi. Hulala nje Migosi, kwenye ploti isiyo na banda wala mti, na mchana hushinda nje ya shule. Kwa ufupi, ni gari lisilojua kivuli.

Kazi yenyewe ilifanywa vizuri kuliko nilivyotarajia. Walitumia ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia sponji, ili mchanga unaotoka kwenye milango usirudishwe kwenye boneti. Baada ya kukausha, walipitisha kipande cha udongo laini juu ya rangi iliyoloweshwa, na kikatoka na uchafu wa kahawia ambao sabuni haikuuondoa: vumbi la breki, masizi ya malori na mabaki ya utomvu. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, ingawa nta iliyopakwa juu ya uchafu haishiki rangi, inashika uchafu, na itaondoka nao. Nta ilipakwa kwa tabaka jembamba sana, sehemu moja baada ya nyingine, ikaachwa ifanye ukungu, kisha fundi akaijaribu kwa kidole. Ilipotoka bila kuacha ute, akaipangusa kwa kitambaa cha mikrofaiba. Kosa lao pekee katika hatua hii lilikuwa kuigusisha plastiki nyeusi chini ya milango, ambako nta hukauka na kuacha alama nyeupe zisizotoka kwa urahisi. Utepe wa gundi wa karatasi ungetosha kulizuia hilo.

Nilipokuwa nikilipa, niliambiwa kwamba nta hiyo itakaa miezi sita. Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Kwenye paa na boneti, nta ile ilikuwa imekwisha kabla ya mwezi wa pili kutimia. Kwenye milango ilikuwa bado ipo, na chini ya vioo vya pembeni ilikuwa karibu nzima. Sidhani kwamba nilidanganywa kwa makusudi. Nadhani msimamizi alirudia yaliyoandikwa kwenye mkebe, na mkebe uliandikwa kwa ajili ya gari linalolala gereji katika nchi ya jua hafifu.

Ushauri unaozagaa kuhusu nta, kwamba ipakwe mara mbili kwa mwaka, kabla ya majira ya baridi na baada yake, unatoka katika nchi ambako theluji huanguka na chumvi humwagwa barabarani. Kisumu iko kama kilomita 10 tu kusini mwa Ikweta, mstari ambao unaukuta Maseno ukielekea Busia, na kimo chake ni zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hapa jua la adhuhuri halitoki mbali na utosi mwezi wowote wa mwaka, na katika kimo hiki hewa inayochuja miale ya urujuanimno ni pungufu kuliko ile ya pwani. Paa la gari hupokea miale hiyo ikiwa imesimama wima, ilhali milango huipokea kwa mshazari, na asubuhi au jioni tu. Karnauba, inayotokana na majani ya mti fulani wa jamii ya minazi na mitende wa kaskazini mashariki mwa Brazili, huyeyuka kwenye nyuzi za Selsiasi 82 hadi 86, jambo ambalo wauzaji hupenda kulitaja. Wasilolitaja ni kwamba karnauba tupu ni ngumu mno kupakwa, hivyo ile ya mkebe imechanganywa na viyeyushi na nta nyingine laini zaidi. Bati la rangi nyeusi au buluu iliyokoza lililoachwa juani laweza kufika nyuzi 70. Mchanganyiko kama huo haumalizwi na siku moja ya joto, lakini hulainika, hushika vumbi, na hupungua kila unapooshwa.

Kisha kuna mvua. Ziwa hutuletea ngurumo za alasiri hata katika miezi ambayo kalenda huiita ya kiangazi, na kuanzia Machi hadi Mei mvua huwa ya karibu kila siku. Mvua yenyewe haiiharibu nta haraka; tatizo ni mzunguko wa bati kupata moto, kulowa ghafla, kisha kukaushwa tena na jua, ambapo matone yanayobaki huacha madoa ya madini na vumbi. Wadudu wadogo wa ziwani nao hukusanyika usiku penye taa, na asubuhi unawakuta wamekaukia mbele ya gari. Mbaya zaidi ni ndege. Wanaoegesha chini ya miti mikubwa ya katikati ya mji, ambako kwarara na korongo wale wakubwa wenye mfuko shingoni hulala, hukimbia jua na kuingia katika balaa jingine. Kinyesi cha ndege kina asidi ya yuriki, na bati likipata moto tabaka la juu la rangi hulainika na kutanuka. Jioni linapopoa hujikaza kulifuata umbo la kinyesi kilichokaukia juu yake, na alama hubaki hata baada ya kuosha. Nta haizuii jambo hili, inakupa saa chache zaidi za kuliwahi. Chupa ya maji na kitambaa laini ndani ya buti vina faida kuliko kupaka nta mara ya ziada, mradi ukilowanishe kinyesi kwanza na usikikwangue kikiwa kikavu. Kati ya jua kali na mti wenye ndege, mimi huchagua jua.

Kwa hiyo, ni mara ngapi? Kwa gari linaloegeshwa nje Kisumu na kupakwa karnauba, jibu langu ni kila baada ya wiki sita hadi nane kwa paa, boneti na kifuniko cha buti, na kila baada ya miezi mitatu au minne kwa milango na pembeni. Sioni sababu ya kulipia gari zima kila mara wakati nusu yake bado ina kinga. Tarehe, hata hivyo, ni makadirio tu. Kipimo cha kweli ni maji. Osha gari kwa shampuu yake, lisuuze, kisha mwagia maji safi juu ya boneti. Yakikusanyika kuwa matone madogo yaliyosimama na kuteremka upesi, nta ipo. Yakitanda na kulala bapa, imekwisha. Ni lazima kuosha kwanza, kwa sababu vumbi hufanya hata nta nzima ionekane imekufa, na watu wengi hulipia nta mpya wakati walichohitaji ni maji na sabuni. Jihadhari pia na dawa za kupuliza zenye silikoni zinazouzwa kwenye maduka ya vipuri: zitakuonyesha matone mazuri kwa siku kadhaa, kisha hazitaacha kitu.

Malalamiko yangu makubwa kuhusu kituo hiki yanahusu mambo mawili yanayofupisha maisha ya kazi yao wenyewe. La kwanza ni sabuni. Siku ya kupaka nta walitumia shampuu ya gari, lakini niliporudi kwa uoshaji wa kawaida, nilimkuta kijana akikoroga sabuni ya unga ya kufulia, ambayo imetengenezwa kuondoa mafuta kwenye nguo na haibagui mafuta ya jasho na nta niliyoilipia. Nilipomweleza, alinipisha bila ubishi nitumie shampuu yangu, na tangu hapo huja nayo. La pili ni mashine. Karibu kila ziara fundi mmoja hunishawishi nipige polishi kwa mashine, akisema gari litang’aa zaidi, na ni kweli litang’aa. Lakini polishi hiyo ina chembechembe zinazokwangua rangi, na inachokwangua ni klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi ambalo katika magari mengi lina unene wa mikroni 40 hadi 50 hivi, jembamba kuliko unywele. Nta huongezwa juu. Polishi hupunguza kilicho chini. Kupiga polishi mara moja kabla ya kuanza mpango wa nta, ili kuondoa ukungu na michirizi ya miaka, ni jambo la busara. Kuifanya kila mwezi ni kuharakisha siku utakapoliona paa likibambuka mabaka meupe, kama tunavyoyaona kwenye matatu za zamani pale stendi, na hali hiyo ikishafika hakuna nta itakayoirudisha. Ni kupuliza rangi upya.

Kituo hicho pia hutoa kinga ya polima iliyotengenezwa viwandani, kwa shilingi 4,000. Haina ule mng’ao wa kina ambao karnauba huupa rangi iliyokoza, na mtu anayependa gari lake litazamwe atauona upungufu huo. Lakini huvumilia joto na sabuni vizuri zaidi, na kwa gari la nje hukaa miezi minne hadi sita. Ukipiga hesabu ya mwaka mzima, polima mara mbili au tatu ni nafuu kuliko karnauba ya gari zima kila baada ya wiki sita, na hiyo ndiyo ningemshauri mtu asiye na muda. Kuhusu kinga za seramiki, zinazodumu kwa miaka, kituo hiki hakizipaki, na singependekeza zipakwe mahali popote ambapo kasoro za rangi hazikuondolewa kwanza ndani ya chumba kisicho na vumbi, kwa maana kasoro yoyote iliyofungiwa chini yake itabaki humo.

Wenye magari meupe watauliza kama haya yote yanawahusu. Yanawahusu, ila kwa kiasi kidogo: bati jeupe halipati joto kama la buluu au jeusi, na nta yake huwa na nafasi ya kukaa wiki kadhaa zaidi. Shida ni kwamba rangi nyeupe huficha uchakavu, na mwenyewe hugundua klia imechoka akiwa amechelewa.

Sasa napaka polima Februari, kabla ya masika, na tena Septemba, na katikati naongeza karnauba kwenye paa, boneti na buti peke yake maji yanapoanza kulala bapa. Bei ya sehemu hizo tatu haimo kwenye ubao wao, lakini ukiomba utatozwa shilingi 900, bila udongo, na kazi huisha ndani ya saa moja. Kati ya alama kumi nakipa kituo saba na nusu: paa, subira na mkono wa fundi vinastahili zaidi ya hapo, sabuni ya unga na ule utabiri wa miezi sita ndivyo vilivyopunguza. Ukienda, fika kabla ya saa tatu asubuhi siku isiyokuwa Jumamosi, chukua shampuu yako, na taja plastiki nyeusi za chini ya milango kabla fundi hajafungua mkebe.