Mashine ya mkono ya tofali za kufungamana: miezi 7 nayo, nyota tatu na nusu

Naandika saa hizi kabla nyumba haijaisha, maana nawajua watu, wakishahamia wanasahau shida zote wanabaki kusifia tu. Tuko kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Tofali zote zilizosimama pale tumezifyatua wenyewe, mimi, mume wangu, wanetu wawili wakubwa na shemeji yangu anayekuja Jumamosi, kwa mashine moja ya mkono tuliyonunua mpya. Nimesema tuliyonunua, sio kukodi, na huko chini nitasema nani asithubutu kununua.

Mashine yenyewe haina maajabu. Sanduku la chuma, ndani kuna kalibu inayotoa umbo la tofali, juu mfuniko, afu mpini mrefu kunizidi. Unajaza udongo uliochanganywa na simenti, unafunga mfuniko, unavuta mpini mpaka ugote, unafungua, unausukuma upande wa pili tofali linapanda lenyewe unalibeba. Hamna umeme, hamna mafuta, hamna kuchoma tanuru. Mashine za namna hii zilianzia Bogotá kule Kolombia miaka ya 1950, ndo ile CINVA-Ram ya Raúl Ramírez, na ukiangalia ya kwetu wazo ni lile lile la sanduku na mpini, kilichoongezeka ni vile vidude vya kufanya tofali liume lenzake. Mi hilo lilinipa imani kwa kweli, kitu kisichohitaji kubadilishwa miaka yote hiyo kitakuwa kinafanya kazi.

Na kinafanya kazi. Tatizo ni kila kitu kinachokizunguka.

Waliotuuzia walituambia tofali 500 kwa siku. Labda, mkiwa vijana sita wenye mabega na udongo umeshachekechwa unawasubiri. Sisi watu wanne siku yetu nzuri kuliko zote tulitoa 210, na siku hiyo hakuna aliyekula jioni, tulilala tu. Kwa kawaida ni 150. Kuvuta mpini ndo kazi ndogo hapo, kinachokula siku ni kuchimba, kuanika, kuvunja mabonge, kuchekecha, kuchanganya, yaani mashine inakusubiri wewe, sio wewe unaisubiri yenyewe.

Halafu udongo. Hakuna aliyetuambia kitu, karatasi ya maelekezo ilikuwa moja, ina picha ya mtu anatabasamu. Tukachota tu udongo wa pale pale tulipochimba msingi, tukafyatua 180 za kwanza, tukafurahi, tukapiga picha. Baada ya siku nne zimepasuka kama kisigino cha mkulima. Mfinyanzi ulizidi. Kuna vipimo viwili vya kijinga kabisa ambavyo tungevifanya kwanza tusingelia: chukua chupa ya kioo, jaza udongo theluthi moja, weka maji na chumvi kidogo, tikisa, iache mpaka kesho yake. Mchanga unatua kwanza ndani ya dakika chache, mfinyanzi unatua mwisho kabisa, unaona kwa macho tabaka lipi limezidi. Cha pili, tengeneza kisanduku cha mbao cha urefu wa sentimita 60, upana na kina sentimita 4, jaza udongo wenye maji, acha ukauke kivulini wiki nzima, pima umesinyaa kiasi gani. Wa kwetu ulisinyaa karibu sentimita 5! Tukaongeza mchanga mpaka ukafika sentimita mbili na nusu, ndo tukaanza kutumia ndoo moja ya simenti kwa ndoo 14 za udongo. Kwa kipimo hicho mfuko wa kilo 50 unatupa tofali kama 65. Na udongo mweusi wa juu wenye mizizi usiuguse.

Unyevu nao una siri yake. Finyanga donge mkononi, liachie kutoka usawa wa bega lianguke kwenye sehemu ngumu. Likisambaratika kama unga ni kavu mno, likibandika kama ugali maji yamezidi, likivunjika vipande vinne vitano hapo twende kazi.

Sasa kisa cha kozi ya tisa, yaani mstari wa tisa wa tofali kutoka chini, hiki nakieleza taratibu maana ndo kilitaka kutuvunjia ndoa.

Tofali hizi unaweka mota (simenti na mchanga wa kugandishia) kozi ya kwanza tu, zingine zinapandana kavu zinaumana. Ndo utamu wake, simenti tumeokoa nyingi. Lakini maana yake ni kwamba hakuna mota ya kufichia makosa, tofali likiwa refu limekuwa refu. Tulipofika kozi ya tisa pima maji ikakataa. Kona moja imepanda. Mume wangu akasema ni msingi, na msingi niliusimamia mimi siku yeye alisafiri, kwa hiyo unaelewa alichokuwa anasema. Siku mbili hatuongei vizuri. Tukapima msingi kwa mpira wa maji, uko sawa. Siku ya tatu nikaenda mwenyewe kwenye rundo na futi, nikapima moja moja: hii sentimita 10, hii 10, hii 10.3, hii 10, hii 10.3. Nikakaa chini kwenye mchanga.

Ilikuwa hivi, yule mdogo kati ya wanetu wawili, wakati huo ana miaka 16, jioni akichoka alikuwa anaachia mpini kabla haujagota. Milimita tatu tu. Ila ukuta wetu una kozi 25, zidisha mwenyewe, sentimita saba na nusu! Simlaumu, mikono yake ilikuwa imetoka malengelenge na alikuwa hasemi. Tukabomoa kozi tano. Shemeji yangu akachonga kipande cha mbao chenye pengo la sentimita 10 kamili, dada mtu akapewa kazi ya kulipitisha kila tofali linapotoka, lisilopita linavunjwa hapo hapo lingali bichi linarudi kwenye mchanganyo. Mwanzoni baba yao alikasirika tofali lake lilipovunjwa, akasema limepita, akaambiwa na binti yake baba mbao imekataa. Tukacheka mara ya kwanza baada ya wiki. Hiyo mbao wangeiweka ndani ya boksi la mashine kiwandani, inagharimu nini? Nimewatoa nyota nzima kwa ajili ya hiyo mbao.

Mengine nayapitia haraka. Usichanganye simenti rundo la siku nzima asubuhi, tulifanya hivyo, yaliyofyatuliwa saa nane yakawa yanamomonyoka kwa kidole, changanya kidogo kidogo unachoweza kumaliza ndani ya saa moja. Tofali mbichi usizianike juani. Funika kwa nailoni, mwagilia siku saba, na usiharakie kujengea kabla ya siku 28 hata kama fundi anakusukuma (wa kwetu alisukuma). Mvua ilitukuta turubai liko fupi, tofali mbichi kama 90 zikarudi kuwa tope, basi.

Kuhusu chuma chenyewe: bodi imara, sijaona kupinda popote. Lakini pini ya kwenye kiungo cha mpini ilikatika mwezi wa tatu. Niliwapigia waliotuuzia, wakasema wataleta wiki ijayo, wiki ijayo ya kwao ilikuwa na siku nyingi sana. Mtu wa kuchomelea akatutengenezea nyingine nene zaidi kwa nusu saa na bado ipo. Kwa hiyo ukinunua dai pini mbili za akiba kabla hujalipa, na paka grisi kila asubuhi, sio kila ukikumbuka. Nusu nyota nimekata hapo, kwa huduma yao, sio kwa mashine.

Nani anunue? Kama una watu wa kudumu nyumbani na una subira ya miezi, nunua. Kama ni chumba kimoja na stoo, kodi wiki mbili urudishe. Kama udongo wako ni mfinyanzi mtupu na mchanga uko mbali, hapana, tafuta njia nyingine. Na kama uko peke yako usijidanganye, mtu mmoja anajaza, mwingine anavuta, mwingine anabeba, wa nne anachanganya.

Wawili wameshaniuliza kama naiuza tukimaliza. Siiuzi, bado kuna ukuta wa uzio, na yule mdogo kafika miaka 17 sasa, anagotesha mpini mpaka sanduku linaruka.