Kamati ya Bunge ya Sheria Ndogo: Inasoma kwa Makini, Inafika kwa Kuchelewa

Huduma ninayoitathmini hapa haina kaunta wala mlango wa kubisha, ila kila anayelipa ushuru wa soko, ada ya leseni, maegesho au faini ya usafi ni mteja wake. Ibara ya 97(5) ya Katiba ya Tanzania inaliruhusu Bunge kutunga sheria inayokasimu madaraka ya kutunga kanuni kwa mtu au idara ya Serikali, na kwa hiyo sehemu kubwa ya masharti yanayotugusa kila siku hutungwa na mawaziri, mamlaka za udhibiti na halmashauri; ndiyo yanayoitwa sheria ndogo. Bunge huyaona baada ya kuchapishwa katika Gazeti la Serikali, na kazi ya kuyachambua kwa niaba yetu iko mikononi mwa Kamati ya Kudumu ya Sheria Ndogo. Mimi ni msaidizi wa kisheria katika mji wenye soko kubwa la nafaka, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikizisoma taarifa za Kamati hii kama mwingine anavyosoma bei za mazao.

Nianze na ubora wake, kwa kuwa ni wa kweli. Taarifa huandikwa kwa Kiswahili safi, husomwa bungeni, na baadaye hupatikana katika Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala, kwenye tovuti ya Bunge. Uchambuzi wenyewe ni wa kina: Kamati hutaja namba ya Tangazo la Serikali lililoichapisha kanuni, kifungu chenye kasoro, Sheria Mama iliyokiukwa (ile sheria ya Bunge iliyotoa madaraka ya kutunga kanuni hiyo), kisha hueleza madhara yake kwa mwananchi. Humo utakutana na kanuni inayorejea kifungu kisichohusika, jedwali lisiloendana na kanuni inayolitaja, au adhabu inayozidi kiwango kilichowekwa na Sheria Mama. Wapo wanaoyaita makosa hayo ya uandishi tu, nami siwaungi mkono hata kidogo, kwa sababu mwenye kibanda cha chipsi anayefikishwa mahakamani hushitakiwa kwa maneno yaliyoandikwa, hata yakiwa yameandikwa vibaya.

Tatizo ni wakati. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inataka kanuni ziwasilishwe mezani ndani ya siku sita za vikao vya Bunge baada ya kuchapishwa, na inalipa Bunge uwezo wa kuzitengua kwa azimio. Lakini siku za vikao si siku za kalenda. Kanuni iliyochapishwa Bunge likiwa limeahirishwa husubiri Mkutano ujao, na muda wote huo inatumika. Hata ikitenguliwa, yaliyokwisha kufanyika chini yake hubaki kama yalivyo.

Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na msafirishaji wa mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akasamehewa. Muda mrefu baada ya hapo nilisimama kwenye geti la ushuru la halmashauri moja, ambayo sitaitaja, pamoja na mama mmoja aliyekuwa na magunia manane ya maharage juu ya pikipiki ya matairi matatu. Mzigo wote haukufika tani. Kijana wa geti alikuwa na adabu zake; alimwamkia mama shikamoo, akatoa kitabu cha sheria ndogo kilichochakaa kingo, akaweka kidole kwenye jedwali la zamani na kusema, "Mama yangu, mimi natoza kilichoandikwa hapa." Nilimwonyesha marekebisho niliyokuwa nayo kwenye simu. Akayasoma hadi mwisho, akanijibu kwamba kwake hayo hayajafika. Mama alilipa, mashine ikatoa risiti, akaikunja na kuifunga kwenye pindo la khanga. Halmashauri ilirekebisha jedwali hatimaye, ila hakuna aliyerudishiwa hata shilingi.

Mfano wa pili ni wa nchi nzima. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza tarehe 15 Julai 2021, viwango vilitoka shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, vikiwa vimepangwa kwa kanuni za Waziri. Kilio cha wananchi kilikuwa kikubwa, na mwezi Septemba mwaka huohuo viwango vikashushwa kwa asilimia 30. Aliyeshusha ni Serikali yenyewe. Sioni haki kuilaumu Kamati kwa hilo, maana mipaka ya shilingi 10 na 10,000 Bunge lilikuwa limekwisha kuiweka katika Sheria ya Fedha, na kipimo kikuu cha Kamati ni kama kanuni inalingana na Sheria Mama. Bunge likimpa Waziri uwanja mpana, Kamati haina kasoro ya kisheria ya kuishika.

Nimewahi kulinganisha na Kenya, ambako sheria ya mwaka 2013 inataka mtunga kanuni ashauriane na watakaoathirika kabla ya kuzitunga, na kanuni isiyofikishwa bungeni ndani ya siku saba za vikao hupoteza nguvu. Kamati yao hupewa siku 28 kutoa taarifa, ingawa ikikaa kimya kanuni huhesabiwa kuwa imepita, jambo ambalo kwangu ni udhaifu mkubwa. Ninachokitamani zaidi kutoka kwao ni ukomo wa miaka 10: kanuni hufa yenyewe isipohuishwa. Kitabu kile cha kwenye geti kisingeweza kuzeeka kiasi kile.

Kwa huduma yetu, ninachoomba kinawezekana kesho asubuhi. Kwanza, orodha ya Matangazo ya Serikali yanayosubiri uchambuzi iwekwe kwenye tovuti kabla ya kila Mkutano, ili sisi tunaokutana na kanuni hizo sokoni tupeleke ushahidi wa namna zinavyotumika. Miswada hupata nafasi ya maoni ya wadau. Kwa sheria ndogo, katika muda wote niliofuatilia, sijakutana na tangazo la namna hiyo. Pili, kila taarifa mpya ionyeshe, kanuni kwa kanuni, ni maazimio yapi ya Mkutano uliopita yametekelezwa na wizara zipi bado. Hadi hapo, anayetaka kuitumia huduma hii aende kwa mbunge wake akiwa na namba ya Tangazo la Serikali, kifungu cha Sheria Mama na nakala ya risiti. Ndivyo tulivyofanya sisi, na yule mama ndiye aliyetoa risiti kutoka kwenye pindo la khanga yake.