Huduma ya usingizi kwa mgonjwa wa limfoma: kliniki moja ya Nyawera, Bukavu

Wengi husifu daktari aliyeshika kisu. Mimi namsifu mtaalamu wa usingizi, yule anayetoa dawa za usingizi na ganzi wakati wa upasuaji.

Yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, alivimba tezi shingoni, kikaja kikohozi, kisha kulala chali kukamshinda. Usiku tulimwegemeza kwa mito. Radio, yaani picha ya eksirei, ilionyesha uvimbe mwingine ndani ya kifua, nyuma ya mfupa wa kidari. Wakashuku limfoma, saratani ya tezi za limfu, na ikabidi tezi moja ya shingoni itolewe ipelekwe maabara. Sisi nyumbani tulitaka alazwe usingizi kabisa, asisikie lolote.

Mtaalamu alikataa. Kwanza alimwuliza: "Papa, usiku unalalaka namna gani?" Kisha akatueleza bila haraka. Uvimbe kama ule unaweza kugandamiza njia ya hewa. Mgonjwa akiwa macho, nguvu ya pumzi yake mwenyewe huisaidia ibaki wazi. Akipewa usingizi mzito, hasa pamoja na dawa ya kulegeza misuli, njia inaweza kuziba, na mpira wa kupumulia usifike pale palipobanwa. Basi ikawa ganzi ya lidokaini tu, kipimo kimehesabiwa kwa kilo zake, yeye ameegemea nusu kuketi. Ketamini, dawa ya usingizi, iliwekwa tayari kwa dharura, kwani mara nyingi humwacha mtu aendelee kupumua mwenyewe. Yaya alipiga soga na muuguzi hadi uzi wa mwisho.

Mtaalamu aliuliza pia kama tulishamnunulia famasi dexa, yaani deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe. Hatukuwa tumempa, namshukuru Mungu: dawa hiyo huweza kuua seli za limfoma upesi, maabara ikashindwa kusema ni ugonjwa gani.

Lakini maongezi hayo yote yalifanyika koridoni, watu wakisikiliza. Ugonjwa huu unastahili chumba chenye mlango! Bei ya ganzi nayo tuliijua tulipofika pa kulipia.

Siku ya kutoka tulipewa karatasi: akianza doksorubisini, dawa ya saratani, moyo upimwe kabla ya usingizi wowote; akipewa bleomisini, nayo dawa ya saratani, ataje jina hilo kwa kila mtaalamu wa usingizi, hata miaka ikipita, kwa sababu mapafu yake yanaweza kudhurika kwa oksijeni nyingi. Mkiwa na mgonjwa kama wetu na hamkupewa karatasi hiyo, iombeni.