Ofisi ya kutafuta nyumba za mnada Malindi: listi yao hapana, kijana wao ndiyo

Watu kadhaa mmeniuliza kuhusu hii ofisi inayotafutia watu nyumba za mnada hapa Malindi, wale wako ghorofani Lamu Road. Jina sitaji manake sitaki maneno na mtu. Niliwatumia kwa ajili ya dadangu aliyeko Doha, anataka nyumba ya vyumba vitatu isizidi milioni 8, na alishasikia kwamba zile zinazouzwa na benki baada ya mtu kushindwa na mkopo huwa ni bei rahisi. Rahisi kiasi ndiyo, lakini si ile rahisi ya barazani, eti nyumba ya milioni 10 waiokota kwa milioni 3. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012 imeibana benki itafute bei nzuri inayopatikana, na ikiuza asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko yachukuliwa imekosea mpaka ijitetee, na ripoti ya valua, yule mpima bei ya nyumba, isiwe imepitisha mwaka. Ndo maana nyingi utakuta bei ya chini kabisa inazungukia robo tatu ya bei ya soko, na watu wakianza kupandishiana yaenda juu hapo hapo.

Sasa kazi yao iko hivi, walipa ada ya kujiandikisha (hairudi hiyo), waingizwa kwenye grupu la WhatsApp, halafu kila wiki wanarusha listi ya nyumba kuanzia Mtwapa mpaka Mambrui. Hapo ndo pa kwanza waliponiudhi. Ile listi ni matangazo ya gazetini yaliyopigwa picha na simu! Nyumba haiwezi kupigwa mnada bila kutangazwa gazetini na siku 14 kupita, ndo kanuni, kwa hivyo Jumatatu ukinunua gazeti lako kurasa za minada zimejaa humo, na madalali wengine wenye leseni wana tovuti zao, na benki nazo zingine zabandika nyumba zao wenyewe, bure kabisa. Nikamwonyesha binti wa ofisini tangazo moja ambalo walikuwa wamelikata pembeni ile namba ya dalali isionekane, akacheka tu akaniambia, "Lakini sisi twakupangia kwa bei, mama." Haya, zimepangwa kwa bei, hilo sitawanyima.

Ila wana kijana wao wa kuzungusha wateja, na huyu ndo sababu naandika. Malipo yake ni kando, kila mkitoka, na tuktuk juu yako. Mlipe. Hakupeleki moja kwa moja kwenye geti, anasimama kwanza kwa muuza duka wa karibu, anaagiza soda, anapiga stori, mpaka mwafika kwenye nyumba mwajua nani alijenga, deni lilianza lini, nani yuko ndani saa hii na maji yanaingia au yanabebwa na mkokoteni. Gazeti halikupi hayo, wala benki haikupi.

Mfano ile ya Casuarina. Kwenye tangazo ni kasri, makuti mapya, swimingi maji ya buluu, bougainvillea mpaka juu ya ukuta. Tumefika, makuti yameporomoka upande mzima unaoelekea baharini, swimingi ni kijani kibichi na vyura washahamia, swichi zimeng'olewa zimebaki waya zinaning'inia, mpaka vioo vya bafuni havipo. Kijana akachukua ufunguo wake akagonga nguzo ya baraza, plasta ikaanguka pande kubwa hivi tukaona nondo ndani imekula kutu mpaka imevimba na kupasua zege. Chumvi ya bahari na nyumba kukaa miaka bila mtu. Akasema, "Mama, hii ukiipata kwa saba, weka nyingine tatu za fundi." Halafu kuna askari mzee pale, alikuwa kaajiriwa na Mtaliano aliyeiweka rehani kisha akarudi kwao, mshahara hajaona tangu siku hizo na anasema hatoki mpaka alipwe. Nani amlipe? Benki haimjui. Kwenye masharti ya mnada imeandikwa nyumba yauzwa kama ilivyo, kwa hivyo huyo mzee, vyura na ile nguzo zote zako.

Na nyumba za aina hii za kwenye kompleksi uliza lisi, yaani muda wa kukodi ile ardhi, imebaki miaka mingapi, manake mgeni kwa Katiba ya 2010 hamiliki zaidi ya lisi ya miaka 99 na wewe waingia kwenye ile iliyobaki, uliza pia malipo ya pamoja ya ulinzi na bustani yamelala ya miaka mingapi. Ofisini hakuna aliyetuambia hili, kijana ndo alitudokeza tukiwa njiani twarudi.

Ya pili ilikuwa Muyeye, hiyo ndo dada aliipenda hasa, nyumba ya mtu wa hapa hapa, ukuta wa matumbawe upande mmoja, ua mkubwa na mwembe, bei ndani ya bajeti. Kijana akatuambia tuangalie tukiwa barabarani tu, familia bado imo. Tukasimama kivulini kama watu wanaosubiri tuktuk. Mama mwenye nyumba akatoka na beseni anaanika madira, akatutazama mara moja tu, akajua. Akatuamkia vizuri, akatukaribisha hata maji, kisha akasema kwa upole, "Mumwambie aliyewatuma kwamba kesi iko kortini." Nikarudi ofisini kuuliza, wakaniambia hizo ni hadithi, wenye nyumba wote husema hivyo, hii ni safi, pelekeni cheki ya benki kwa dalali mjiandikishe kwa mnada. Tukapeleka. Asubuhi ya mnada watu tumesimama nje pale tunangoja, wakili akaja na karatasi, oda ya kusimamisha, mnada ukafa hapo hapo. Dalali wa mnada alirudisha cheki yetu bila maneno, lakini ada ya "siku ya mnada" ya ofisi ikapotea hivyo hivyo.

Na korti kusimamisha mnada si ajabu Malindi wala popote Kenya, hilo ndo linanikera zaidi, manake mtu anayefanya kazi hii kila siku angeweza kututahadharisha. Benki lazima itoe notisi ya siku 90 kwanza, halafu nyingine ya siku 40 ya kutaka kuuza, halafu dalali naye atoe yake ya siku 45, na mke au mume wa mwenye nyumba pia apelekewe notisi, na kama ni nyumba ya familia awe aliridhia ile rehani tangu mwanzo. Ikikosewa moja, wakili wa mdaiwa amepata pa kushika. Kazi ya ofisi kama hii ingekuwa ni kwenda kortini kuuliza kama kuna kesi kabla ya kuchukua ada ya mtu, korti yenyewe iko hapa hapa mjini jamani. Nyundo ikishagonga mambo yanageuka, haki ya mwenye nyumba kuikomboa imekwisha na sheria yamlinda mnunuzi, aliyedhulumiwa adai fidia kwa benki. Ila kumtoa mtu ndani ni shughuli yako na wakili wako, dalali anakuuzia hati na ukuta, watu waliomo hawamhusu.

Ami alikataa hata kutusindikiza, anasema nyumba ya machozi haina baraka. Mimi sikubaliani naye moja kwa moja, anayedai naye ana haki yake, lakini siku ile ya Muyeye na lile beseni la madira nilinyamaza njia nzima.

Sachi ya hati, yaani kuangalia kwenye rejista ya ardhi hati ni ya nani, wanasema wamekufanyia, wakakuonyesha karatasi. Angalia tarehe! Yangu ilikuwa ya zamani hata rangi imefifia. Fanya yako kupitia wakili wako mwenyewe, na ujue wapi, manake hapa Malindi viwanja vya zamani vile vya "Portion" vyenye namba ya CR rejista yake iko Mombasa, vya skimu, ile ardhi ya serikali iliyogawiwa watu, waenda Kilifi. Na ukisikia kiwanja ni cha Chembe Kibabamshe tulia kwanza, kesi za kugombania ardhi kule kila mtu wa hapa anazijua. Nyumba za mji wa zamani zilizojengwa juu ya ardhi ya mtu mwingine, zile za kulipa kodi ya kiwanja, hizo kwenye minada ya benki si rahisi uzione, benki yataka hati.

Pesa nayo. Ukishinda mnada asilimia 25 yatakiwa pale pale, iliyobaki ndani ya siku 90, ukishindwa ile 25 imeliwa. Kwa nyumba ya milioni 8 ni milioni 2 siku hiyo hiyo na 6 kwa miezi mitatu, hujagusa ushuru wa stempu wa asilimia 4 wa ndani ya mji, ambao ni 320,000, wakili, na rates (kodi ya ardhi) za kaunti za nyuma ambazo bila kuzimaliza hupati cheti cha kuhamisha hati. Ofisini waliniambia nisijali, "benki nyingine itawapa mkopo." Benki gani yakupa mkopo kwa siku 90 kwa nyumba ambayo valua hawezi kuingia ndani? Kama hukuongea na benki yako kabla, usinyanyue mkono.

Jambo moja zuri walilofanya ofisi, na haki nisiifiche, walimwambia dada kwamba benki zingine zakubali kuuza kwa maelewano kabla ya mnada, mwenye nyumba mwenyewe akiwa ameridhia na kusaini. Haina bei ya kutupa lakini hakuna wa kumtoa ndani na kesi ni chache. Saa hii twafuatilia moja ya hivyo Maweni.

Nyota 3 kwa 5. Mbili na nusu ni za yule kijana, nusu ni za huo ushauri wa mwisho. Grupu la WhatsApp nimetoka. Ukienda, waambie wataka kuzungushwa tu, listi unayo, watanung'unika kidogo kisha watakubali. Na kama kuna mtu ana nyumba Barani au Maweni yenye hati safi na anataka kuuza kabla benki haijamfikia, aniandikie, dada bado yuko na bajeti ile ile.