Kozi wanaohama: DNA ya mama au jinomu nzima?

Ukitaka kujua makundi ya kozi (ndege mwindaji, Falco peregrinus) yanatofautiana vipi kijenetiki, njia kubwa ziko mbili. Kuna DNA ya mitokondria (vijisehemu vya seli vinavyotengeneza nishati), hii ndege anairithi kwa mama tu, ni fupi, herufi za DNA kama elfu 18 hivi, gharama yake nafuu na hata unyoya wa zamani wa makumbusho unaweza kuitoa. Shida yake ni stori ya upande mmoja, madume wakienda kuzaliana kwenye kundi lingine we huoni kitu.

Jinomu nzima sasa, yaani DNA yote ya ndege, hiyo ni herufi bilioni 1.2 hivi, hela inakwenda na kompyuta inahema kweli, ila ndo inakuonyesha jeni zenyewe. Mwaka 2021 ilitoka tafiti ya kozi 56 wa Aktiki (kaskazini ya mbali kabisa) ya Ulaya na Asia waliofuatiliwa kwa setilaiti, baadhi wakasomwa na jinomu, ikakutwa jeni ya ADCY8, inayohusika na kumbukumbu, inaendana na safari ndefu. Mitokondria ingekwambia hayo? Wapi! Kwa sampuli chakavu sawa, mitokondria inatosha, ila kama swali ni uhamaji wenyewe mi nachagua jinomu.