Kufuli la Deni na Kufuli la Mali Iliyokwisha Kulipiwa

Mkulima wa korosho wa Masasi au Nachingwea anayechukua mtambo wa umeme wa jua kwa mkopo hulipa kwa simu, hupokea namba, huzibonyeza kwenye kisanduku cha ukutani, na taa huwaka hadi siku alizolipia ziishe, kisha kisanduku hujifunga. Kufuli hilo hukera, hasa miezi ya kabla ya minada ya korosho, mfuko unapokuwa mtupu, lakini lina msingi wa haki: deni bado lipo, na awamu ya mwisho ikikamilika mtambo hufunguliwa na haufungwi tena.

Kufuli la pili ni la namna nyingine kabisa. Mwaka 2016 Tesla, kampuni ya magari ya umeme ya Marekani, iliuza magari ya Model S 60, yaliyotangazwa kuwa na betri ya kilowati-saa 60, yakiwa na betri ya kilowati-saa 75, huku programu ya kompyuta ya gari ikimzuia mwenye gari kuitumia yote mpaka aongeze fedha. Mwaka 2022 BMW iliwatoza wateja wa Uingereza pauni 15 kwa mwezi ili kupasha joto viti ambavyo tayari vilikuwa na vipasha-joto ndani, kisha mwaka 2023 ikaachana na mpango huo. Hapa mnunuzi hana deni. Amelipia chuma, nyaya na uzito wake, uzito ambao gari linaubeba kila siku, halafu anaombwa alipe tena.

Watetezi husema bei ya mwanzo hupungua, na kwa Model S 60 ndivyo ilivyokuwa. Hata hivyo, mnunuzi wa Lindi ningemshauri achague mkopo badala ya kitu kinachobaki na kufuli hata baada ya kulipiwa, na kabla ya kusaini adai kiasi kitakachoondoa kufuli kiandikwe kwenye mkataba.