TAHADHARI kwa wenye malori Dodoma: kuna mtu anauza tabo ndogo zenye kibati cha namba cha tabo kubwa

Wakuu, naandika haya nikiwa bado nadaiwa pesa ya silinda hedi na pistoni mbili, kwa hiyo mwenye lori naomba asome hadi chini.

Kuna muuzaji wa spea za mtumba hapa mjini anatangaza tabo (turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukuma hewa kwenye injini) "za Dubai" kwenye magrupu ya WhatsApp. Hana duka. Ukimpigia anakuja na bodaboda hadi karibu na stendi ya Nanenane, mzigo uko kwenye kiroba, na pesa anataka uitume kwenye namba yenye jina tofauti na lile alilokutajia. Pale pale nilitakiwa niondoke. Sikuondoka.

Nina kichwa cha Freightliner chenye Cummins N14. Ni injini ya lita 14, silinda sita, na yangu ilishaongezwa nguvu hadi kwenye hosipawa 500 hivi. Tabo ya zamani ilianza kuvujisha oili, nikawa natafuta nyingine ya kuhimili nguvu hiyo. Jamaa akasema anayo tabo ya kampuni ya Holset ya N14, tena "inajaza hewa haraka kuliko hiyo yako". Kibati kilisoma hivyo hivyo. Nikatoa shilingi 1,800,000.

Na kweli ilijaza haraka. Hadi Manyoni gari lilikuwa jepesi, dereva akanipigia kunishukuru. Tabo ndogo ndivyo ilivyo, moshi kidogo tu unatosha kuizungusha. Balaa lake linakuja injini inapodai hewa nyingi. Fanya hesabu: injini ya lita 14 inanyonya ujazo wake mzima kila mizunguko miwili. Kwenye mizunguko 1,800 kwa dakika, hizo ni kama lita 12,600 za hewa kila dakika kabla tabo haijasukuma chochote. Ukitaka presha ya psi 30, inahitajika karibu mara tatu ya hapo. Feni ndogo ukiilazimisha kutoa hewa yote hiyo inazunguka kupita uwezo wake, hewa inatoka ya moto, moshi nao unakosa njia ya kutosha upande wa ekzosi na joto linabaki kwenye silinda. Na sisi huku Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar, kwa hiyo tabo inahangaika zaidi kwa kazi ile ile.

Safari ya kurudi, gari likiwa na mchele kutoka Igunga, linapanda Sekenke, dereva akaona geji ya joto la ekzosi imepita nyuzi 750. Mluzi ukawa mkali, kikafuata kishindo, kisha moshi wa bluu ukafunika tela zima. Shafti ilikatika, oili ya injini ikavutwa kupitia intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye tabo), na injini ikaanza kuichoma kama dizeli. Alizima swichi, injini ikazidi kupanda yenyewe. Kilichowaokoa ni kwamba alikanyaga breki, akaingiza gia kubwa na kuachia klachi hadi ikanyongwa. Utingo alikuwa ameshafungua mlango aruke. Namshukuru Mungu kila nikikumbuka.

Fundi wangu wa Kizota aliifungua tabo juu ya gunia. Akapangusa kibati kwa petroli, rangi ya silva ikatoka. Chini yake namba za mwanzo zilikuwa zimesagwa na grenda, herufi mpya zimegongwa moja moja, nyingine zimeinama, na ripiti zinang'aa juu ya chuma kilichochakaa. Yalibaki mabawa mawili mazima yanayotazamana kwenye feni ya hewa, akaweka kalipa: milimita 60. Hiyo ni saizi ya HX40, tabo tunayoijua kwenye Cummins za lita 8.3. Ilikuwa imefungwa kwenye injini ya lita 14.

Kwa hiyo ukienda kununua, beba tabo yako ya zamani na kalipa. Pima mdomo wa feni ya hewa na feni ya moshi, linganisha pia namba ya saizi iliyo kwenye chuma chenyewe cha upande wa ekzosi, maana hiyo si rahisi kuibandua kama kibati. Shika ncha ya shafti: kucheza kidogo pembeni ni kawaida ikiwa kavu, lakini ukiivuta na kuisukuma isiende mbele na nyuma, na mabawa yasiguse ukuta. Angalia rangi mpya juu ya bolti zenye kutu. Dai risiti ya EFD. Anayetaka nguvu kubwa zaidi asikubali "seti ya tabo mbili" ya huyu bwana. Nimeambiwa anayo pia, na mpangilio wa tabo ndogo na kubwa unataka saizi zilizopimwa na fundi anayeijua hiyo injini.

Nimefungua RB polisi. Namba yake haipatikani tena, lakini wiki hii tangazo limerudi kwa jina jingine na picha ile ile: tabo imewekwa juu ya kitenge cha njano, kibati kinaitazama kamera. Ukiiona, usitume hata nauli ya bodaboda.